Kinga ya Meno Isiyoanguka Kinywani: Mwongozo Kamili kwa Wanamichezo na kwa Wanaosaga Meno Usiku

Kila wiki vijana wawili watatu hunifuata baada ya mazoezi wakiwa wameshika kinga ya meno iliyoharibika, na karibu wote wamefanya kosa lile lile. Wameichemsha, wameitia kinywani, kisha wameiuma kwa nguvu zao zote. Matokeo yake ni plastiki iliyobanwa hadi ikawa nyembamba kama karatasi chini ya magego, huku ikibaki pana na legelege kwenye meno ya mbele, nayo huanguka mara tu mwenyewe anapofungua kinywa ili avute pumzi.

Mchana mimi hutengeneza meno ya bandia, na jioni huwasaidia mabondia na wacheza taekwondo wa hapa Goma. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikifundisha kosa hilo hilo. Nilimwambia kijana mmoja, "Uma kwa nguvu, ishike," naye akatii. Wiki chache baadaye alipigwa ngumi ya kidevu, meno ya chini yakagonga ya juu mahali ambapo plastiki ilikuwa imekwisha, na ncha ya chonge yake ikakatika. Kinga ilikuwa kinywani wakati wote huo.

Kwa hiyo jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote: kinga ya kuchemsha hufinyangwa kwa vidole, kwa ulimi na kwa kufyonza. Meno ya chini huigusa tu.

## Chagua kinga inayolingana na tatizo lako

Kinga ya michezo ni laini na nene kiasi. Kazi yake ni kupokea pigo, kulitawanya juu ya meno mengi badala ya jino moja, kuzuia meno ya juu na ya chini yasigongane, na kuikinga midomo isichanwe na meno yako mwenyewe. Usiitegemee ikuzuie kupata mtikisiko wa ubongo. Kazi hiyo haijathibitishwa, na mwalimu anayewaahidi vijana jambo hilo anawaweka hatarini.

Kinga ya usiku, kwa wale wanaosaga au kukereza meno usingizini, kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki ngumu ya akriliki juu ya nakala ya meno ya mgonjwa mwenyewe. Hiyo haitengenezwi jikoni. Nimeieleza katika sehemu ya pili, na ninamsihi msomaji mwenye tatizo hilo aende moja kwa moja huko bila kujaribu kulala na kinga ya ndondi.

Zipo pia kinga zinazouzwa zikiwa tayari, zisizofinyangwa hata kidogo. Hazishiki meno, ni lazima uzibane kwa taya ndipo zikae, na ukizibana huwezi kupumua vizuri. Ziache.

## Vifaa vya kuandaa

- Kinga ya kuchemsha ya ukubwa wako, ya mtoto au ya mtu mzima, pamoja na karatasi yake ya maelekezo. Wauzaji wa Birere na wa katikati ya mji huiita kwa Kifaransa, protège-dents. Kama unajiandaa kwa mashindano ya ndondi za ridhaa, usinunue nyekundu: hairuhusiwi, kwa sababu refa hawezi kutofautisha rangi yake na damu.
- Sufuria yenye maji lita moja au zaidi.
- Bakuli la maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa au kutiwa dawa. Sisi wa Goma tunajua maji ya ziwani yanaweza kubeba nini, na kitu hiki kinakwenda kinywani.
- Upawa wenye matundu au koleo isiyo na meno makali.
- Kioo, saa inayoonyesha sekunde, mkasi mkali na tupa ya kucha.
- Taulo safi.

## Sehemu ya kwanza: kinga ya michezo, hatua kwa hatua

### 1. Kagua kinywa kabla ya kuwasha moto

Piga mswaki, kisha utazame kioo. Ukiwa na jino linalolegea, kidonda cha ufizi, jino lililong'olewa siku chache zilizopita, au shimo ambalo bado halijazibwa, ahirisha na umwone daktari wa meno kwanza. Plastiki laini huingia ndani ya shimo, ikipoa hushika, na ukiivuta unaweza kuvunja ukuta wa jino.

Mwenye nyaya za kunyoosha meno asitumie kinga ya kuchemsha ya kawaida kabisa, kwa kuwa plastiki huzishika nyaya, na pia meno yanayosogea huifanya isitoshe baada ya muda mfupi. Mwenye meno ya bandia ya kuvua ayavue. Mtoto ambaye meno ya utotoni bado yanang'oka anaweza kutengenezewa, lakini ikaguliwe upya kila baada ya miezi michache, kwa maana meno mapya hayangoji.

### 2. Pima urefu ikiwa bado ngumu

Iweke kwenye meno ya juu. Alama ya katikati, au mkato ulio mbele, ilingane na kile kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Nyuma, kinga ifunike gego kubwa la kwanza lote, na ikiwezekana ifike kwenye la pili. Ikikugusa kooni na kukutapisha, kata milimita 3 kila upande, ujaribu tena, ukate tena. Usikate sentimita nzima kwa mara moja. Plastiki iliyokatwa hairudi.

Mkato wa mbele ukiwa hautoshi, kijinyama hicho kitachubuliwa kwa kila mazoezi. Ukuze kidogo kwa mkasi uwe na umbo la herufi V yenye ncha ya mviringo.

### 3. Fanya jaribio lisilo na moto

Watu huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Baada ya kinga kulainika utakuwa na nusu dakika tu ya kufanya kazi, na hapo hutakuwa na nafasi ya kufikiri mkono uende wapi. Basi simama mbele ya kioo na kinga ngumu, uiingize, uisukume juu kwa vidole gumba, ufunge midomo, ufyonze, ubonyeze mashavu. Rudia mara tano, mpaka mikono ifanye bila kuulizwa.

### 4. Ilainishe

Chemsha maji mpaka yatoe mapovu makubwa, kisha uitoe sufuria kwenye jiko na usubiri sekunde 30 hivi. Usiitumbukize kinga wakati sufuria iko juu ya makaa: itagusa chuma kilicho chini, ambacho kina joto kuliko maji yenyewe, na itashika au kupoteza umbo upande mmoja.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa Kivu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na Bukavu hali haitofautiani sana. Plastiki ya kinga, ambayo kwa kawaida ni ile iitwayo EVA, huwa imelainika vya kutosha kabla ya kufika nyuzi 95, hivyo maji yetu yanafaa. Shida huja mtu anapochemsha kikombe kimoja tu cha maji asubuhi yenye baridi: yanapoa upesi mno, kinga inalainika nje na kubaki ngumu ndani, kisha mtu analaumu kiwanda. Ndiyo maana nimesema lita moja au zaidi.

Fuata muda ulioandikwa kwenye karatasi ya kinga yako, kwa kuwa unene hutofautiana. Kama karatasi imepotea, anza na sekunde 30, kisha uitazame badala ya kuitazama saa peke yake. Iko tayari pale mbawa zake mbili za nyuma zinapoanza kulegea na kutanuka zenyewe, na uso wake unapopata mng'ao kama wa sabuni iliyolowa. Ikianza kujikunja kama jani lililo karibu na moto, umechelewa. Itoe mara moja.

Itoe kwa upawa na uitikise ili maji yote yatoke, maana tone la maji ya moto lililojificha ndani ya mfereji wa kinga, pale meno yanapoingia, huchoma ufizi. Ichovye kwenye maji baridi kwa sekunde moja au mbili, si zaidi. Iguse kwa ndani ya mdomo wa chini: iwe ya moto inayovumilika. Kwa mtoto, mtu mzima aiguse kwanza.

### 5. Ifinyange

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, nami nitakaa nayo kidogo.

Iingize na uilinganishe katikati ukitazama kioo. Weka vidole gumba viwili chini ya magego, uisukume kinga juu mpaka uhisi meno yamefika kwenye sakafu ya mfereji. Kisha sogeza vidole mbele, chini ya chonge, ufanye vivyo hivyo. Hapo meno ya chini bado hayajaigusa.

Sasa funga midomo na ufyonze kwa nguvu, kama unavyofyonza juisi nzito kwa mrija. Mfyonzo huo huitoa hewa iliyo kati ya plastiki na meno, na hewa ikitoka plastiki huingia katika kila mfereji ulio baina ya jino na jino. Hayo ndiyo yanayoishikilia kinga. Wakati unaendelea kufyonza, bandika ulimi kwenye kaakaa na uusukume nje, ili ukuta wa ndani ulale juu ya meno.

Mikono nayo isikae bure. Kwa vidole viwili, kupitia mdomo na shavu, bonyeza ukuta wa nje kutoka katikati kuelekea nyuma, upande mmoja kisha wa pili. Bonyeza juu, karibu na ufizi, kuliko chini. Vijana wengi hubonyeza pale wanapoona plastiki, yaani chini, na wanasahau kwamba jino huwa jembamba karibu na ufizi. Hapo ndipo kinga hupata mahali pa kujishikiza.

Mwishoni kabisa, baada ya sekunde 15 hivi, funga taya taratibu mpaka meno ya chini yaiguse plastiki na kuacha alama ndogo. Fikiria unashika yai kwa meno. Alama hizo zina faida: taya la chini hupata mahali pa kutulia wakati wa pigo. Lakini zikizidi kina, umeondoa ule unene ambao umeununua.

Kaa hivyo mpaka sekunde 30 zitimie tangu uanze kufyonza. Usizungumze wala usicheke, hata kama rafiki yako amesimama mlangoni.

### 6. Ipoze, kisha uijaribu bila huruma

Ivute kwa pande zote mbili kwa pamoja, usiipinde, uitie kwenye maji baridi kwa dakika mbili. Irudishe kinywani na ufanye majaribio haya:

Fungua kinywa wazi na uinamishe kichwa. Kinga ibaki juu bila msaada wa ulimi.

Tikisa kichwa, ruka mara kumi, upumue kwa kinywa kama uliyetoka kukimbia kutoka Himbi hadi uwanja wa Unité. Isicheze.

Sema "Nyiragongo" mara tatu. Kama mwenzako anaelewa, ukuta wa ndani si mnene kupita kiasi na ulimi una nafasi.

Itoe na uiinue kwenye mwanga wa dirisha. Tafuta sehemu zinazong'aa kuliko nyingine. Hizo ni nyembamba. Kwa kipimo cha mafundi, mbele ya meno unene uwe karibu milimita 3, na sehemu ya kutafunia karibu milimita 2. Mahali panapopitisha mwanga kama karatasi ya mfuko hapatamkinga mtu.

Kijana mmoja wa Majengo aliniletea ya kwake baada ya kufuata hatua hizi. "Mwalimu," aliniambia, "nimelala nusu saa nimesahau kuitoa." Usiku huo nilimwonya asilale nayo tena, lakini moyoni nilijua imekaa sawasawa: kinga nzuri haimkumbushi mwenyewe kuwa ipo.

### 7. Rekebisha, au anza upya kwa kinga nyingine

Ikilegea, unaweza kuirudisha kwenye maji ya moto mara moja, pengine mara mbili, na kurudia hatua ya 4 hadi ya 6. Kila mara plastiki inaponyooka na kubanwa tena hupungua unene, kwa hiyo mara ya tatu sikushauri kabisa. Ukingo unaochoma ufizi ukatwe kidogo kwa mkasi na kulainishwa kwa tupa ya kucha. Doa jeupe au jekundu kwenye ufizi baada ya dakika kumi za kuivaa linakuonyesha mahali hasa pa kukata.

Iliyotobolewa na meno haitengenezeki.

## Sehemu ya pili: kwa wanaosaga meno usiku

Mwenye tatizo hili mara nyingi huambiwa na mwenzi wa chumba, kwani yeye mwenyewe hasikii. Dalili zake ni taya lililokaza asubuhi, maumivu ya kichwa kwenye panja, meno yaliyosawazika vilele vyake kama yaliyopigwa msasa, ncha zinazomeguka, na alama za meno kwenye kingo za ulimi. Katika mji huu, ambao baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulitikiswa na matetemeko kwa siku nyingi na ambao umekuwa ukilala kwa hofu za aina nyingine pia, sishangai kuona wengi wanaokaza taya usingizini. Msongo wa mawazo ni mojawapo ya sababu zinazojulikana. Nyingine ni pombe, tumbaku, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za kutibu sonona.

Kinga laini ya michezo haifai hapa. Msuli wa taya hukutana na kitu kinachobonyea, na kwa watu wengine hukitafuna zaidi. Wiki chache baadaye kimetobolewa. Tena, kinga inayofunika meno machache tu na kuvaliwa kila usiku huyaacha mengine yasogee, mpaka siku moja meno hayakutani kama zamani.

### 1. Mwone daktari wa meno, na mashimo yatibiwe kwanza

Kinga hutengenezwa kwa umbo la meno yalivyo siku hiyo. Ukiziba jino baadaye, huenda isiingie tena. Mweleze daktari dawa unazotumia. Kama unakoroma sana, au unaamka umekosa pumzi, mwambie kabla ya yote, kwa sababu tatizo la kuziba kwa njia ya hewa usingizini linahitaji uchunguzi wake, na kinga ya meno inaweza kulizidisha.

### 2. Jiandae kwa chapa ya meno

Daktari atachanganya unga wa alginati na maji, ataujaza katika trei na kuubandika kwenye meno yako kwa dakika mbili tatu mpaka ugande kama ugali mlaini uliopoa. Usile mlo mzito kabla. Kaa wima, inamisha kidevu mbele, pumua kwa pua, na uache mate yatiririke kwenye taulo. Anayelaza kichwa nyuma ndiye anayetapika.

Chapa nzuri huonyesha kila jino mpaka mstari wa ufizi, bila mapovu wala mchaniko. Ikiwa na tundu kwenye gego, omba irudiwe. Hilo si ukorofi. Dakika tano za kurudia huokoa kazi ya siku kadhaa.

### 3. Hakikisha jasi inamiminwa mapema

Alginati hukauka na kusinyaa, na ikilowekwa hunywa maji na kuvimba. Kwa hiyo imiminwe jasi, ile plasta inayoganda na kuwa nakala ya meno yako, ndani ya nusu saa, na wakati wa kusubiri ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kama fundi wako yuko Bukavu, kinachopanda boti kiwe nakala ya jasi iliyokauka, iliyofungwa kwa kitambaa, na kamwe isiwe chapa yenyewe. Nimepokea chapa zilizosafiri siku nzima. Kinga iliyotoka humo haikuingia kinywani mwa mtu yeyote.

### 4. Siku ya kuivaa

Akriliki iliyotengenezwa vizuri huingia kwa msukumo mdogo wa vidole na kutulia bila kucheza. Isikaze jino moja hadi likaume. Daktari ataweka karatasi ya rangi kati ya meno, akuambie ugonge na kusaga taya, kisha apunguze mahali penye alama nzito. Usinyanyuke kitini mpaka uhisi kwamba meno ya chini ya kulia na ya kushoto yanaigusa kwa wakati mmoja. Usiku wa kwanza na wa pili mate yatakuwa mengi. Hiyo ni kawaida na hupita.

Rudi baada ya wiki mbili hivi hata kama huna malalamiko, kwa sababu msuli ukilegea taya hubadili mahali linapotulia, na kinga huhitaji kusawazishwa tena.

Asubuhi, ukiivua, meno yanaweza kukutana kwa namna ya ajabu kwa dakika chache. Hali hiyo ikidumu zaidi ya saa moja, au kiungo kilicho mbele ya sikio kikianza kuuma, acha kuivaa na urudi kwa daktari. Uelewe pia kwamba kinga hii huyalinda meno, lakini haizuii kusaga kwenyewe. Kahawa yetu ya Kivu ni tamu, nami naipenda, ila mwenye tatizo hili na ainywe asubuhi.

## Kuitunza, ya michezo na ya usiku

Isuuze kwa maji safi ya baridi kila unapoivua, na uipige mswaki laini kwa sabuni ya maji kidogo. Dawa ya meno yenye chembechembe huikwaruza akriliki, na wadudu hujificha katika mikwaruzo. Usiioshe kwa maji ya moto, wala usiiache juani au kwenye dashibodi ya gari, itapinda.

Ihifadhi katika kopo lenye matundu. Mfuko wa bukta si mahali pake, hasa kwetu ambako vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia kila penye upenyo. Na usimwazime mtu, hata ndugu wa damu, maana damu na mate vimo humo.

Kila mwanzo wa msimu, inua ya michezo tena kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa imelegea, imechanika ukingo au imepata sehemu inayopitisha mwanga, itupe kabla ya mazoezi ya jioni hiyo. Ya usiku ipeleke pamoja nawe kila unapokwenda kwa daktari wa meno, ndani ya kopo lake, ili aitazame juu ya meno yako mwenyewe.